Hasemi, Lakini Anaumwa
Ukimwona mtoto akijigonga kichwa kwenye foleni ya kliniki, usiseme hana adabu. Huenda ana usonji mzito. Jina hilo lilipendekezwa 2021 na jopo la jarida la Lancet, kwa wanaohitaji mtu mzima karibu nao saa 24. Wengi wao hawasemi.

Jino likimuuma au akikosa choo, hana neno. Ana kichwa na ukuta.

Kwa hivyo daktari asiandike "ni usonji tu" kabla ya kuangalia masikio, meno na tumbo. Amuulize mama: yeye ndiye anajua kilichobadilika. Muuguzi naye ampitishe mbele.

Na wewe? Mpishe, bana. Utachelewa dakika 10; yeye huenda amebeba maumivu wiki nzima.