Msaada wa chakula usihesabiwe kwa magunia tu

Tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza mwaka 2023, familia nyingi za ng'ambo ya kushoto, upande wa Lubunga, zimekimbilia mitaa mingine ya Kisangani. Msaada ukizungumzwa, swali la kwanza ni: magunia mangapi? Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, swali hilo halitoshi.

Wengi wanajua kwamba kongosho hutoa insulini. Wachache wanajua kwamba utumbo ndio unaotangulia kulipa habari. Fufu, lituma au wali ukishashuka, utumbo hutoa homoni mbili, GLP-1 na GIP. Zinapita katika damu na kuliarifu kongosho: sukari inakuja, toa insulini. GLP-1 pia huchelewesha chakula kutoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Mbelgiji Jean La Barre alizipa homoni za namna hii jina la inkretini mwaka 1932. Kwa mgonjwa wa sukari ya aina ya 2, kazi yake hupungua.

Hapo ndipo sahani inapokuwa na maana. Maharagwe, samaki na mboga, vikiliwa kabla ya fufu au pamoja nayo, husaidia sukari kupanda polepole. Fufu tupu, au chai yenye sukari nyingi asubuhi bila kitu kingine, huipandisha haraka. Mama aliyeacha shamba lake hana uchaguzi: anapika alichopewa. Kumwambia «kula vizuri» bila kumpa maharagwe ni kumlaumu kwa kosa lisilo lake.

Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani, OMS, liliingiza dawa zinazoiga GLP-1 katika orodha ya dawa za lazima, kwa baadhi ya wagonjwa wa sukari. Ni habari njema, lakini dawa hizo ni ghali. Mhamaji hawezi kuzingoja. Anachohitaji leo ni kupimwa sukari, kupata metformine au insulini bila kukatika, na mahali pa baridi pa kuhifadhia insulini hiyo.

Kwa hiyo wanaogawa chakula, serikali ya jimbo na mashirika pamoja, waongeze maharagwe juu ya unga, na wapeleke kipimo cha sukari pale pale wanapoandikisha majina. Kuuliza «nani hapa ana sukari?» hakugharimu kitu.

Nao wagonjwa wasiache dawa kwa sababu wamebadilisha chakula. Anayetumia insulini au glibenclamide asilale njaa: sukari ikishuka mno, inaweza kuua usiku mmoja. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akianza kuchanganyikiwa, apewe sukari mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya.

Gunia hushibisha. Lakini kwa mgonjwa wa sukari, kilichomo ndani ya gunia ni sehemu ya dawa.