Kofia za Sandukuni



Jirani yangu wa Kikwajuni hushona kofia za viua kwa mkono. Huketi barazani, peke yake, watoto wakishakwenda chuoni, na kofia moja humchukua karibu mwezi mzima. Siku moja alipita mgeni kutoka Muscat. Waomani wana kofia yao inayofanana na yetu, kwa hiyo alijua anachokishika: alivitazama viua kimoja kimoja, akalipa alichoambiwa bila ya kuomba apunguziwe. Bi huyu akamshukuru Mola wake, na alistahili kushukuru. Kosa lilikuja baadaye. Alishona nyengine nne za kipimo kile kile, akamngojea mnunuzi mfano wa yule.

Zikalala sandukuni. Ilipofika Idd, wanaume wa mtaa huo huo walinunua kofia za mashine Darajani. Wawili wao waliniambia hawakujua kuwa jirani yao anashona.

Nilipomuuliza, alinijibu, "Riziki haivutwi kwa kamba, mwanangu." Sina ubishi naye, yule wa Muscat hakuletwa na hila ya mtu. Lakini ndege tunayemtolea mfano wa tawakali hakai kiotani. Hutoka alfajiri, tena huelekea penye punje.

Na punje za mshona kofia zinajulikana zilipo. Shaabani na Mfungo Mosi harusi huwa nyingi, na bwana harusi hakosi kofia. Idd husogea nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka wa miladia, basi anayeitaka kofia ya Idd sharti aulizwe tangu Rajabu, apimwe kichwa, atoe arubuni. Watalii hawafuati mwezi: hujaa Forodhani kuanzia Juni na hupungua wakati wa masika. Sidhani kuwa kofia ya kazi ya mwezi mzima ni bidhaa yao. Mmoja aliwahi kuniuliza kama hufuliwa kwa mashine.

Rajabu iliyopita bi huyu alimpelekea fundi wa kanzu kofia mbili za mfano, kwani bwana harusi huanzia kwake. Kabla ya Ramadhani alikwishapima vichwa vitatu, akamkatalia wa nne kwa kukosa muda. Mbili zilizobaki zingali sandukuni. Shemeji yangu aliijaribu moja, ilimbana.