Umaskini wa Garissa haukuletwa na jua

"Mwalimu, unarudi Kenya lini?"

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja mjini Garissa, tukiwa tumeketi kwenye mkeka tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, hatua chache kutoka soko la mifugo. Halikunishangaza. Nilikwisha kulisikia Wajir na Mandera katika safari zangu za kukusanya maneno. Kwa wazee wa huko, Nairobi ni Kenya, Thika ni Kenya, hata Mwingi iliyo jirani ni Kenya. Garissa siyo. Nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hii, baadhi yao hucheka. Wengine hununa, wakadai kwamba watu wa aina hiyo hawaipendi nchi yao.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu si kuwasahihisha wazee. Maana ya neno hutokana na jinsi linavyotumiwa, na kwa muda wa karne nzima waliotangulia kulitumia neno "Kenya" kwa maana hiyo finyu ni watunga sheria wenyewe. Mzee yule alikuwa akizungumza lugha ya serikali bila ya kujua.

Hebu tuzikumbuke sheria hizo. Mwaka 1902 mkoloni alitunga sheria ya wilaya za pembezoni, ambayo chini yake Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile tunayoiita NFD hadi leo, ilikuja kufungwa kama boma la ng'ombe: asiingie mtu wala asitoke ila kwa kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu, iliyowapa watawala uwezo wa kuwakamata watu na kutwaa mali yao kwa sababu tu ya kabila walilozaliwa. Uhuru ulipofika, wengi walitumaini kwamba boma litafunguliwa. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 baada ya bendera yetu kupandishwa, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wakidai kuungana na Somalia na vita vya Shifta vilikuwa vimeanza. Vita vilikwisha baada ya mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Hali ya hatari haikwisha mpaka mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alitimiza miaka 28 kabla ya kuonja sheria za kawaida za Jamhuri.

Sasa, umaskini wa eneo hilo tuueleze vipi? Wapo wanaosema ni jua na ukame. Wapo wanaonong'ona kwamba ni "watu wenyewe". Majibu haya mawili ni mapacha: yote hulitoa kosa kwa binadamu na kulitupia maumbile, hali ya anga kwa jibu la kwanza na damu kwa jibu la pili. Nionavyo mimi, ni heri tumsikilize Karl Marx na wafuasi wake kwanza, hata kama baadaye tutawakosoa. Najua jina hilo halina soko siku hizi. Katika miaka ya 1980 lilikuwa na hatari pia. Mwanaisimu mwenzangu Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila kufikishwa mahakamani. Hata msamiati wake hatukuujenga sana sisi Wakenya: makabwela, mabwanyenye, wavujajasho, maneno hayo yaliletwa kwetu zaidi na redio na magazeti ya Tanzania ya Ujamaa.

Wafuasi wa Marx hushikilia kwamba ubaguzi wa rangi hauoti wenyewe kama magugu. Hupandwa pale ambapo mtu fulani anahitaji ardhi au jasho la mwenzake. Mfano wao mkuu ni Afrika Kusini. Mwaka 1972 Harold Wolpe aliandika kwamba maeneo waliyotengewa Waafrika yalikuwa na kazi ya kiuchumi: mke aliyebaki kijijini alilima, akalea watoto na kuuguza wazee, na kwa hivyo mwenye mgodi akapata kisingizio cha kumlipa mume ujira usiotosha familia. Utengano, kwa hoja hiyo, ulikuwa ruzuku kwa tajiri.

Hoja hii ukiihamishia Garissa haitakaa vizuri. Hapakuwa na mgodi. Hapakuwa na shamba la mkonge wala la kahawa lililongoja vibarua wa Kisomali, Waborana au Waorma. Mkoloni hakuwa na haja ya jasho la mfugaji wa kaskazini. Alitaka mambo mawili: kinga baina yake na Ethiopia na Waitalia, na uhakika kwamba ng'ombe wa mfugaji hawatashindana sokoni na ng'ombe wa mlowezi. Kwa hilo la pili, karantini ilitosha. Magonjwa ya mifugo yalikuwepo, sikatai, lakini karantini ilidumu kwa miaka mingi, na kila mwaka uliopita ulimfaidi mlowezi. Kwa hivyo kaskazini watu walitengwa ili mali yao isisogee, ilhali kule Afrika Kusini walitengwa ili wafanyishwe kazi. Katika hali zote mbili ukuta ulitangulia, umaskini ukafuata.

Rangi nayo iligawanywa kwa sheria. Mwaka 1919 iliandikwa sheria iliyowaondoa baadhi ya Wasomali katika hesabu ya "wenyeji". Katika miaka ya 1930 wafanyabiashara wa ukoo wa Isaaq walikataa kulipa kodi ya "wenyeji", wakadai watozwe ile ya Waasia, ijapokuwa ilikuwa kubwa zaidi. Walikuwa tayari kulipa zaidi ili wasiitwe Waafrika! Tusiwacheke. Katika nchi ambayo rangi huamua utaishi mtaa gani na utapewa mgao gani, kuinunua rangi ni biashara kama biashara nyingine. Ila tukumbuke kwamba mchungaji wa mbuzi kule Ijara hakuwa na fedha za kununulia rangi yoyote.

Baada ya uhuru ukuta ulijengwa upya kwa lugha ya uchumi. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, ulitamka kwamba matabaka makali yaliyoonekana Ulaya hayana nafasi kwetu. Kisha waraka huo huo ukapendekeza fedha za maendeleo zipelekwe mahali ambapo zitazaa upesi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Msomaji, yachunguze maneno hayo. Barabara ipewe aliye na barabara. Na nani alikuwa na barabara mwaka 1965, kama si maeneo aliyokuwa akiishi mlowezi? Katika pendekezo hilo, waandishi wa waraka hawakuhitaji kutaja kabila wala rangi.

Wakati waraka huo ukianza kutekelezwa, wafugaji wa kaskazini walikuwa wakikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na wanajeshi. Hayo yalikuwa mwaka 1966 na 1967. Mfugaji aliyefungiwa kijijini hawezi kuifuata mvua, na asipoifuata mvua mifugo hufa. Mingine ilitwaliwa, mingine ikapigwa risasi. Marx aliandika jinsi mkulima wa Uingereza alivyong'olewa shambani, akabaki hana cha kuuza ila mikono yake. Hapa ndipo ninapomwona akizungumza kuhusu Garissa, isipokuwa kwa tofauti moja. Mwingereza yule aliponyang'anywa shamba alikikuta kiwanda mjini. Mfugaji wetu aliondolewa kwa ngamia wake na hakukuta kiwanda popote. Alifikia kwenye bulla, yaani mitaa ya pembeni mwa mji, akachoma makaa, akauza kuni, akachota maji kwa mkokoteni wa punda. Wajukuu wake wako huko hadi leo, na punda pia.

Je, Wasomali wote waliteseka sawasawa? La hasha. Mnamo Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wapigwe msasa na kupewa kadi maalumu juu ya kitambulisho cha kawaida. Mwaka huo huo Mkuu wa Majeshi ya Kenya alikuwa Jenerali Mahmoud Mohamed, na ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed wa Garissa, alikuwa waziri. Sisemi kwamba ndugu hao ndio walioamuru msasa huo. Nasema kwamba taifa liliweza kumpa Msomali mmoja bunduki zote za nchi, huku likimshuku mama Msomali anayeuza miraa kwamba si raia.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu katika kizuizi kimoja barabarani, miaka michache iliyopita. Basi letu lilisimamishwa. Abiria wenye nywele laini waliamriwa washuke wapange foleni juani. Mimi na wenzangu tusio na nywele hizo tukabaki vitini. Hakuna aliyetuuliza lolote. Kijana aliyekuwa kando yangu, mwanafunzi mwenye stakabadhi zote, alikaa chini karibu saa nzima kwa kuwa picha ya kitambulisho chake ilikuwa imefifia. Katika saa hiyo yalipita magari makubwa matatu yenye vioo vyeusi. La mwisho lilipunguza mwendo, kioo kikashuka, sura ya bwana wa Kisomali aliyenawiri ikachungulia, askari akapiga saluti. Mimi niliyeketi kivulini nilipata fadhila ya rangi. Bwana yule alipata fadhila ya tabaka. Kijana hakupata yoyote.

Hapa basi wafuasi wa Marx wangepiga makofi wakasema: mnaona, jambo ni tabaka, rangi ni pazia tu. Siwezi kukubaliana nao mpaka hapo. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto na wakazi wakazuiliwa katika uwanja wa shule. Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Waliokusanywa waliitwa kwa ukoo. Hawakuulizwa kama wana ngamia mia moja au hawana hata mbuzi. Mtu akikufa kwa sababu ya jina la babu yake, ni dharau kumwambia mjane wake kwamba jina hilo lilikuwa pazia.

Jambo lingine linawahusu watu wa Garissa wenyewe, nao wanaojua kusikiliza hawatanichukia kwa kulisema. Mji huo una maneno yake ya kubagua. Mtu wa bara huitwa "nywele ngumu", au kwa Kisomali "jareer". Neno hilo la pili limewaandama pia Wasomali wa asili ya Kibantu, walioikimbia nchi yao baada ya mwaka 1991 na kukuta hata ndani ya kambi za Dadaab dharau imewatangulia. Wengi wao walihamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Wamunyoyaya wanaolima kandokando ya Mto Tana wanalijua neno hilo vilevile. Sisi wa "Kenya" tuna "wariya" letu, salamu ya kawaida ya Kisomali tuliyoigeuza tusi.

Maneno haya yana wafu. Tarehe 2 Desemba 2014 al-Shabaab waliwaua wachimbaji mawe 36 Mandera, baada ya kuwatenga Waislamu na wasio Waislamu. Wale walikuwa vibarua kutoka bara waliokwenda mamia ya kilomita kuvunja mawe kwa sababu kwao hakukuwa na kazi. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa mkoani. Waliokuwa na fedha waliwapeleka watoto wao shule za bweni za Nairobi. Mtoto wa bulla alibaki na darasa tupu.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 tuliambiwa ukuta umeanguka. Fedha zimefika, sikatai, na majumba yameota. Lakini uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba watu 65.5 katika kila 100 wa Garissa walikuwa maskini, na Mandera 77.6, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa 36.1. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Ni hatua njema iliyochelewa. Kitambulisho humwezesha mtu kupita kizuizini. Hakimrudishii ngamia wa babu yake, wala hakimwambii zabuni ya kisima ilikwenda kwa nani.

Katika safari yangu ya mwisho niliandikia maneno yangu karibu na jengo lililokuwa likiinuliwa mjini. Vibarua walikuwa wa aina mbili: vijana wa bulla ambao familia zao zilipoteza mifugo, na vijana kutoka Ukambani. Walibeba mawe yale yale. Siku moja waligoma, wote, wakitaka nyongeza. Mwanakandarasi hakugombana nao. Aliwaita vijana wa bulla kando akawaambia kwamba "nywele ngumu" wamekwisha kukubali malipo ya zamani. Kisha akawaita wale wengine akawaambia kwamba "wariya" wamekubali hata chini ya hapo. Mwaka 1870 Marx aliandika katika barua kwamba uhasama baina ya mfanyakazi Mwingereza na Mwairishi ndio siri ya udhaifu wa tabaka la wafanyakazi wa Uingereza. Mwanakandarasi yule, nina hakika, hakuwa ameisoma.

Siku ya tatu wote walirudi kazini, kwa malipo yaliyo chini ya yale ya zamani. Mchana walikula katika vivuli viwili mbalimbali.