Usinunue Rimu za Aloi Bila Nati Zake



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mbolea wala mbegu. Tunazungumza juu ya gari linalotuletea mbolea na mbegu.

Vijijini kwetu bado kuna Land Rover na Land Cruiser nyingi za zamani. Magari haya hupeleka mazao sokoni. Asubuhi hubeba maziwa. Usiku huweza kubeba mama mjamzito kwenda kituo cha afya. Kwa hiyo usalama wa gurudumu si jambo la dereva peke yake. Ni jambo la kijiji kizima.

Siku hizi wenye magari wengi wanavua rimu za chuma na kufunga rimu za aloi. Rimu ni ile sehemu ngumu ambayo tairi huvalishwa. Aloi ni mchanganyiko wa madini. Katika rimu hizi, madini mengi ni alumini, yale yale yanayotengenezewa sufuria.

Rimu za aloi si mbaya. Nyingi ni nyepesi kuliko za chuma, nazo hupendeza. Lakini hazifungwi kwa namna ile ile. Ukizifunga vibaya, gurudumu laweza kuchomoka gari likiwa mwendoni.

Ni nini kinachoshika gurudumu?

Watu wengi hudhani kuwa gurudumu huning'inia kwenye bolti. Sivyo. Nati zikikazwa vizuri, huibana rimu kwenye habu. Habu ni kile kitovu cha chuma chenye bolti. Kule kubanwa ndiko kunakobeba mzigo.

Fikiria jembe. Mpini ukibana, unalima siku nzima. Mpini ukilegea kidogo tu, jembe hucheza, tundu hupanuka, na mwisho jembe huruka. Gurudumu ni hivyo hivyo. Rimu ikicheza, bolti hukunjwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Waya ukiukunja mara nyingi hukatika. Bolti nayo hukatika.

Nati si moja

Chukua nati ya rimu ya chuma uitazame. Upande unaogusa rimu umechongoka. Huingia katika tundu lililochongwa vivyo hivyo.

Sasa tazama rimu ya aloi. Rimu nyingi za aloi zilizotengenezwa kwa Land Rover na Land Cruiser zinataka nati ya aina nyingine. Nati hiyo ina shingo iliyonyooka inayoingia ndani ya tundu. Pia ina washa bapa inayokaa juu ya rimu. Ukitia hapo nati iliyochongoka, itagusa ukingo mwembamba tu wa tundu. Alumini ni laini kuliko chuma. Nati itaila, tundu litapanuka, na nati italegea.

Ziko pia rimu za aloi zinazotaka nati iliyochongoka. Kwa hiyo usikisie. Tazama tundu kwanza, ndipo utafute nati inayokaa sawasawa.

Mwaka jana, katika kata ninayofanyia kazi, gari moja la maziwa lilifungwa rimu za aloi kwa nati za zamani. Siku ya tatu dereva alisikia mlio nyuma. Alisimama mara moja. Alikuta nati mbili hazipo na matundu yamepanuka. Watu walisalimika kwa sababu dereva hakupuuza ule mlio. Lakini maziwa ya wafugaji yaliharibika njiani, na rimu ile haikufaa tena. Mwenye gari alitaka kuokoa bei ya nati. Akapoteza rimu, bolti na fedha ya siku ile.

Kabla ya kununua

1. Hesabu bolti na pima nafasi zake. Land Rover za zamani, pamoja na Defender za zamani, zina bolti 5. Duara linalopita katikati ya bolti hizo lina upana wa milimita 165.1. Rimu za Discovery ya kwanza, iliyoanza mwaka 1989, zina kipimo hicho. Rimu za Discovery ya pili, iliyoanza mwaka 1998, hazina. Land Cruiser nyingi za zamani zina bolti 6, na duara lake ni milimita 139.7.

2. Pima tundu la katikati. Pajero nayo ina bolti 6 zenye duara la milimita 139.7. Lakini tundu la katikati la rimu yake ni dogo, kiasi cha milimita 67. Habu ya Land Cruiser ni pana zaidi ya milimita 100. Haiingii. Usikubali fundi apanue tundu hilo.

3. Soma alama za rimu. Rimu nyingi zinazouzwa kwetu zimetoka Japani zikiwa zimetumika. Alama ya JWL ni ya rimu za magari madogo ya abiria. Alama ya JWL-T ni ya rimu za magari ya mizigo na mabasi. Kama gari lako hubeba magunia, tafuta JWL-T. Soma pia uzito ambao rimu inaruhusiwa kubeba, kama umeandikwa.

4. Tazama upana. Tairi la 7.50-16, ambalo magari haya hutumia sana, linataka rimu nyembamba ya inchi 6 hivi. Rimu nyingi za aloi ni pana zaidi. Basi huenda ukalazimika kununua na matairi.

5. Tafuta nyufa. Osha rimu, kisha izungushe polepole juani. Rimu ya chuma ikipinda, fundi huweza kuigonga ikanyooka. Rimu ya aloi hupasuka. Iliyopasuka au kuchomelewa usiinunue.

6. Nunua nati pamoja na rimu. Meno ya nati lazima yalingane na meno ya bolti. Land Rover za zamani sana zina meno ya vipimo vya inchi. Za baadaye zina meno ya milimita. Nati ya moja haifai kwa nyingine. Nati ikiingia kwa shida, usiilazimishe.

Wakati wa kufunga

Simamisha gari mahali pa tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Legeza nati kidogo kabla ya kupiga jeki.

Ukivua rimu ya zamani, safisha uso wa habu kwa brashi ya waya. Ondoa kutu, matope na rangi inayobanduka. Uchafu mdogo tu huzuia rimu kukaa sawa, na ukisagika baadaye nati hulegea. Usipake grisi mahali ambapo nati hukaa.

Pachika rimu, kisha zungusha nati kwa vidole ukihesabu. Rimu ya aloi ni nene kuliko ya chuma, hivyo bolti huweza kuwa fupi. Kwa bolti ya milimita 12 yenye meno ya kawaida ya Land Cruiser, nati izunguke angalau mara 8 kamili kabla ya kubana. Ikizunguka mara 3 au 4 tu, usiendeshe gari. Weka bolti ndefu zaidi zinazofaa.

Kaza nati kwa kurukaruka, moja huku na nyingine upande wa pili. Usizifuate kwa mzunguko. Kisha shusha gari na ukaze kwa mara ya mwisho kwa spana ya kupimia nguvu. Kiasi cha nguvu kimeandikwa katika kitabu cha gari. Kiasi cha rimu ya aloi huweza kuwa tofauti na cha rimu ya chuma. Usisimame juu ya bomba ili kukaza. Nguvu nyingi huvuta bolti na kuharibu meno.

Mwisho, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Tairi lisiguse chochote. Kama rimu imechomoza sana nje, beringi zitachoka mapema.

Baada ya kufunga

Endesha kilomita 50 hadi 100, acha magurudumu yapoe, kisha kagua nati zote tena. Nati inayolegea mara kwa mara ina sababu. Usiikaze tu na kuondoka. Ivue utazame tundu na bolti.

Kumbuka pia tairi la spea. Kama spea yako bado ina rimu ya chuma, nati za aloi hazitaishika. Weka nati za chuma kamili kwenye mfuko na uufunge karibu na jeki. Pancha haichagui mahali. Ikitokea usiku, na mgonjwa yumo ndani ya gari, si wakati wa kutafuta nati.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini nati ya rimu ya chuma huweza kuharibu rimu ya aloi?
2. Alama ya JWL-T ina maana gani?
3. Je, gari la kijijini kwenu lina nati za spea yake? Nendeni mkatazame.