Damu: macho yetu yanatudanganya



Siku moja watu wawili wa ajali moja waliletwa kwangu kwenye dispansere. Wa kwanza damu ilimujaa usoni na kwenye shati. Alikuwa akilia kwa nguvu, wenzake sita wakimuzunguka. Wa pili aliingia kwa miguu yake, akiegemea rafiki, akaketi kwenye kiti karibu na mulango. Wakaniambia: "Muganga, huyu ni kidogo tu, anza na ule."

Nikaanza na ule. Alikuwa na kidonda kichwani, urefu wa kidole. Nilikikandamiza, damu ikakoma. Nilipogeuka, yule wa kiti alikuwa baridi, midomo myeupe. Tulipomuvua bote, damu ilimwagika kwenye simenti. Alipona, lakini kidogo tu angekufa karibu na mulango wangu. Kosa lilikuwa langu pia: nilisikiliza watu pahali pa kumutazama mugonjwa.

Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, kwa hiyo kidonda kidogo pale kinatoka damu nyingi na kuogopesha wote. Damu kidogo ikichanganyika na maji, mutu anasema ni ndoo nzima. Lakini damu nyingi ikiingia katika muchanga, godoro ao salopeti nzito, hatuioni. Chini ya udongo, kwa mwangaza wa taa ya kichwa, damu juu ya matope ni kama maji meusi. Basi pitisha mikono chini ya mugongo na mapaja ya mugonjwa, kisha utazame viganja vyako.

Mutu mukubwa ana karibu lita 5 za damu, kama chupa kubwa 7 za bia. Chupa moja ikitoka, anaweza bado kukuambia kwamba hana kitu. Mbili zikitoka, yuko katika hatari kubwa. Mutoto wa kilo 10, damu yake yote inapita chupa moja kidogo tu. Kwake, wamama, musiseme "ni kidogo".

Kwa hiyo utazame mutu mwenyewe. Damu inaruka, ao inatiririka bila kukoma? Midomo imekuwa myeupe? Ana jasho la baridi, kiu, pumzi za mbio, anaongea ovyo? Huyo apelekwe wa kwanza. Anayelia angali na nguvu ya kulia. Mimi ninaogopa zaidi anayenyamaza. Na aliyeangukiwa na jiwe tumboni anaweza kupoteza damu ndani, wala hutaona hata tone moja inje.

Weka kitambaa safi juu ya kidonda, kandamiza kwa mikono miwili na uzito wa mwili wako. Usikiinue kila dakika kutazama kama imekoma; hapo ndipo wengi wanaharibu kazi. Kikilowa, ongeza kingine juu. Kahawa, udongo, mafuta ya motere: hapana! Kama ni mukono ao muguu na damu inakataa kukoma, funga mukaba mupana juu ya kidonda, ukaze mpaka ikome, uandike saa. Waya hapana, inakata nyama.

Tuma mwingine kuita gari. Wewe ubaki umekandamiza, hata njiani, na ukifika kwetu usiondoe mikono mpaka tukuambie.