Utu Uzima Haupigi Hodi

Mja hujuzwa umri wake na mtu baki. Mimi nilijuzwa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mbali kaskazini mwa Lodwar. Nilikuwa nimefungua daftari langu la utafiti ili nimsomee ajuza mmoja maneno aliyonipa siku iliyotangulia. Mwandiko ulikuwa wangu, na jua la saa nane lilikuwa linawaka. Lakini herufi zilikataa kusomeka. Nikalisogeza daftari mbali na uso hadi mkono ukaisha urefu. Kijana aliyekuwa mkalimani wangu akanitazama kwa huruma, akasema, "Apa, lete nikusomee."

Apa, kwa Kiturkana, ni baba. Kijana yule hakunikejeli. Alinipa heshima ambayo desturi yake inamwamuru ampe mtu wa makamo. Hata hivyo, usiku ule usingizi ulinipaa. Asubuhi nilikuwa kijana machoni pangu. Jioni nilikuwa mzee machoni pa wengine.

Msomaji atanisamehe nikichungulia kidogo katika taaluma yangu. Zipo lugha ambazo umri huu huziita "umri wa kati", kana kwamba mtu yuko njiani tu kati ya vituo viwili. Kiswahili nacho kina neno makamo, lakini pia kinasema "mtu mzima". Uzima ni ukamilifu, na uzima ni afya. Ajabu ni kwamba tunaitwa wazima wakati uleule viungo vinapoanza kudai haki yake: macho, magoti, mgongo. Lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake polepole, na kwa wengi wetu dalili hujitokeza baada ya miaka 40. Huo si ugonjwa wala laana, na miwani ya kusomea hutosha. Lakini ni wangapi kati yetu wanaokwepa miwani hiyo kwa kuona haya?

Nariokotome ni mahali pafaapo kutafakari mambo haya. Ni hapo, mwezi wa Agosti 1984, ambapo Kamoya Kimeu aligundua kipande kidogo cha fuvu kilicholala miongoni mwa changarawe. Uchimbaji uliofuata, ulioongozwa na Richard Leakey na Alan Walker, ulitoa takriban kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Wataalamu walipotaka kujua umri wake alipofariki, mwili wake ulitoa majibu mawili. Mifupa, ikilinganishwa na ya mtoto wa leo, ilimkadiria kuwa na miaka 11 au zaidi. Meno yalipochunguzwa kwa makini yalisema miaka 8 au 9. Ikiwa mtoto alikuwa na umri zaidi ya mmoja mwilini mwake, sisi tushangae nini macho yanaposema hamsini, miguu ikasema thelathini, na moyo ukang'ang'ania ishirini?

Jambo la pili lanigusa zaidi. Kamoya alizaliwa karibu na mwaka 1938; kwa hiyo siku ile alikuwa mtu wa makamo kama mimi. Haikuwa hata siku ya kazi. Alikuwa amejitembelea tu siku ya mapumziko, na kipande chenyewe kilikuwa na rangi ya mawe yaliyokizunguka. Hakukiona kwa wepesi wa jicho la kijana, bali kwa mazoea ya miaka mingi ya kuinama na kutazama. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Alifariki mwaka 2022, na ulimwengu wa sayansi ukamlilia.

Basi utu uzima hutunyang'anya kimoja na kutukabidhi kingine. Tatizo ni kwamba kinachoondoka tunakihesabu kila siku mbele ya kioo, na tulichopewa hatukitumii. Kwa Waturkana, mwanamume ni wa kundi la Mawe au la Chui, na mtoto huingia kundi lisilo la baba yake, ambalo ndilo la babu yake. Kila mtu, kwa hiyo, anajua amesimama wapi kati ya waliomtangulia na wanaomfuata. Sisi wa mijini hatuna mpango huo; hushtukia tu kwamba juu yetu hakuna tena wa kumuuliza.

Nilirudi Nariokotome baada ya miaka miwili, nikiwa na miwani puani na orodha ya maswali niliyoyaahirisha. Ajuza alikuwa amekwisha kuzikwa. Kijana yule aliyajua machache. Mengine, alisema, alidhani mimi ndiye niliyeyaandika. Hilo ndilo lililonishtua kuliko mvi zote.

Nionavyo mimi, mtu aliyevuka miaka arobaini ana madeni mawili. La kwanza ni la mwili: apimwe macho, apimwe na shinikizo la damu, ambalo aghalabu hudhuru bila kutoa dalili. La pili ni la urithi: awaulize wazee waliobaki leo, si likizo ijayo, na awape vijana alichopokea.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ni kweli. Lakini moshi ukishaondoka, makaa hubaki, na ni juu ya makaa ambapo chakula huiva.