Mkataba wa ajira si kibali cha kuishi ng'ambo

WAZAZI wa Naro Moru na vijiji vingine vya Kieni wamezoea kuhesabu karo ya chuo cha uuguzi kwa magunia ya viazi na vitunguu. Siku hizi hesabu hiyo haikomi kijana anapohitimu Tumutumu au chuo cha KMTC mjini Nyeri. Huendelea hadi ada za mtihani wa lugha, viza na wakala, na mara nyingine huishia kwenye hatimiliki ya shamba.

Hamu ya kwenda ng'ambo iliongezeka Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, mbele ya Rais William Ruto na aliyekuwa Kansela, Olaf Scholz. Habari zilienea kwamba Wakenya wametengewa nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha upesi: mkataba hautaji idadi yoyote.

Ni muhimu kutenganisha mambo mawili. Mkataba ni maelewano ya serikali mbili. Kibali cha kazi na cha ukaazi hupewa mtu mmoja mmoja, kwa sheria ya nchi anakokwenda, na nchi hiyo yaweza kuibadilisha bila kuuliza Nairobi.

Uingereza imetoa funzo hilo kwa uchungu. Julai 2021, Kenya ilitia saini London mkataba wa kupeleka wauguzi wasio na ajira. Mapema 2022, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, ambaye pia alikuwa seneta wa kwanza wa Nyeri, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 pekee waliofaulu. Wengi waliduwaa, kwani wauguzi hao walisoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi.

Mwezi huohuo wa Februari 2022, Uingereza ilifungua mlango mwingine kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, ambao hawakuhitaji shahada. Mlango huo haukukaa wazi kwa muda mrefu. Kuanzia Machi 11, 2024 wahudumu waliokuwa wakiajiriwa upya walikatazwa kwenda na wake, waume au watoto wao. Julai 22, 2025 uajiri wao kutoka nje ulisimamishwa kabisa, na kiwango cha jumla cha mshahara kwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi kikapandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Wauguzi waliosajiliwa wangali wanaruhusiwa, tena kwa viwango vyao vya mshahara. Aliyeuza robo ekari ili bintiye akahudumu katika makao ya wazee hakuwa na pa kukata rufaa.

Hata aliyekwisha kuingia hayuko salama, kwa kuwa kibali chake kimefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Mwajiri akinyang'anywa leseni, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 kumpata mwingine au aondoke. Kati ya Julai 2022 na mwisho wa 2024, serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za kampuni za huduma hiyo, zilizohusishwa na wafanyakazi 39,000.

Wakazi wa Naro Moru wanaweza kulinganisha hali hiyo na ya jirani zao. Wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi Nanyuki, mwendo mfupi kwa gari, wanalindwa na mkataba wa ulinzi uliotiwa saini mwezi uleule wa Julai 2021 na kuidhinishwa na Bunge la Kenya. Ukaazi wa muuguzi Mkenya huko kwao hutegemea kanuni za uhamiaji, ambazo waziri hubadilisha kwa taarifa tu.

Ujerumani ina masharti yake, ingawa yako wazi zaidi. Muuguzi hana budi kutambuliwa cheti chake na kufikia daraja la B2 la Kijerumani kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Akishapata kibali cha mtaalamu, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, mradi amelipa michango ya pensheni. Kuna na kifungu ambacho wanasiasa hawakipigii debe: mkataba huohuo unarahisisha kurejeshwa kwa Wakenya wasio na haki ya kukaa Ujerumani, hata kwa kutumia pasipoti zilizokwisha muda.

Kwa hivyo swali la mzazi si iwapo kuna mkataba. Aulize kibali ni cha aina gani, kimefungwa kwa nani, na wakala ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri au la. Tangu Desemba 31, 2024, mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama ya cheti cha udhamini. Wakala anayeuza cheti hicho anauza hewa.

Serikali nayo ina swali lake. Kaunti ya Nyeri imejenga hospitali ya Level 4 papo hapo Naro Moru. Majengo hayo yanahitaji wauguzi, na wauguzi wasio na kazi ndio waliotajwa London mwaka 2021 kuwa sababu ya kuwapeleka ng'ambo.